Mkanda mweusi kwenye picha za flashi: kamera yako haijafa

"Kaka, kamera imekufa."

Ujumbe uliingia Jumamosi saa nne usiku, na chini yake picha moja. Maharusi wamesimama mlangoni mwa ukumbi. Bibi harusi ameshika maua, shela imekaa vizuri, uso unang'aa. Ila upande wa kulia, kutoka juu mpaka chini, umepita mkanda mweusi tii uliomeza karibu theluthi ya picha, na bwana harusi ndiye aliyeangukia humo. Limebaki bega moja na kipande cha sikio. Kijana aliyenitumia alikuwa ameshapiga picha arobaini za namna hiyo ndipo akagundua. Jumatatu yake fundi akamwambia shata imechoka, alete laki tatu na nusu ibadilishwe.

Shata ilikuwa nzima. Jioni ile kijana alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu: maharusi walipoanza kuingia wakicheza, alipandisha kasi ya shata kutoka 1/160 hadi 1/400, akiogopa picha zisije zikatoka zimetetereka. Flashi ilikuwa pembeni juu ya stendi, ameiunganisha na kamera kwa triga ya redio, kile kifaa kinachoiamuru flashi iwake bila waya. Nikamwambia airudishe kasi kwenye 1/160 apige tena. Mkanda ukatoweka, na laki tatu na nusu ikabaki mfukoni.

Swali la mkanda huu mweusi hunijia kila msimu wa harusi, na linaniuma, maana watu wanapoteza hela na wanapoteza picha za siku ambayo hairudi. Kwenye magrupu ya wapiga picha utaambiwa mengi. Kwamba ukipita 1/200 ukiwa na flashi utaunguza kamera. Kwamba mkanda unaletwa na flashi za bei rahisi. Kwamba ile "REAR" kwenye menyu ni ya mabingwa, usiiguse. Ukweli ni kwamba mipangilio yote hiyo inayotisha inajibu swali moja dogo: shata ikiwa wazi, flashi iwake wakati gani hasa?

Maneno matatu kwanza

Kihisi ni kile kipande kinachong'aa ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kwenye kamera zenye kihisi kikubwa kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24.

Shata ni mlango wa kihisi. Kasi ya shata ni muda ambao kila sehemu ya kihisi inaachwa ipokee mwanga. Ukisoma 1/200, chukua sekunde moja, ikate vipande mia mbili, kipande kimoja ndicho muda wako.

Flashi ni mwanga mkali unaowaka na kuzimika mara moja. Flashi ndogo ya kupachika juu ya kamera, ukiiwasha kwa nguvu yake yote, hudumu takriban 1/300 hadi 1/1000 ya sekunde. Ukiipunguza nguvu mpaka mwisho, hufika 1/20,000 na chini ya hapo. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kuoanisha, basi, ni kuhakikisha kwamba ule mwako mfupi wa flashi unatokea mlango ukiwa wazi. Ingekuwa kazi nyepesi kama mlango wenyewe ungekuwa mmoja.

Mapazia mawili na radi moja

Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina shata ya mapazia mawili yanayoshuka mbele ya kihisi. Ukibonyeza, pazia la kwanza linashuka na kukiacha kihisi wazi. Muda ulioweka ukitimia, pazia la pili linashuka kwa mwendo uleule na kukifunika. Yamekuwa mawili ili kila sehemu ipate muda sawa: sehemu ya juu ndiyo inayofunuliwa mwanzo, na ndiyo inayofunikwa mwanzo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwendo wa pazia haubadiliki. Uweke 1/30 au 1/4000, pazia linashuka kwa spidi yake ileile, na safari yake huchukua kama 1/250 ya sekunde. Kwa 1/60 hakuna tatizo: la kwanza linafika chini, kihisi chote kinakaa wazi kwa muda, kisha la pili linaanza safari. Lakini kwa 1/1000 pazia haliwezi kukimbia kuliko uwezo wake. Kamera inachofanya ni kulituma pazia la pili mapema, la kwanza likiwa bado njiani. Yanashuka yakifuatana, na kati yao unabaki upenyo tu, kama milimita sita hivi, unaopita mbele ya kihisi kutoka juu hadi chini. Hakuna hata nukta moja ambayo kihisi chote kiko wazi.

Mwanga wa jua hauna shida na upenyo, kwa sababu jua linawaka muda wote. Upenyo unapopita kila mahali unalikuta jua lipo. Flashi haiko hivyo. Flashi ni radi.

Umewahi kulala usiku wa mvua, umeme umekatika, dirisha lina mapazia? Radi inapopiga mapazia yakiwa wazi, ukuta mzima wa chumba unaonekana, hadi kalenda iliyotundikwa pale. Pazia moja likiwa limefunika nusu ya dirisha, unaona nusu ya ukuta, na nusu nyingine ni giza lenye ukingo ulionyooka. Dirisha halijavunjika. Radi imepiga pazia likiwa katikati ya njia, basi. Na ndicho kilichompata bwana harusi wetu: flashi iliwaka pazia la kwanza lilipofika mwisho, kama inavyopaswa, lakini kwa 1/400 pazia la pili lilikuwa limekwishafunika sehemu ya kihisi.

Jambo dogo la kukusaidia kuutambua mkanda huu. Lenzi huipindua picha, ya juu ikawa chini. Kwa hiyo pazia linalofunika kihisi kuanzia juu huacha mkanda upande wa chini wa picha ukiwa umeshika kamera kwa ulalo. Ukiisimamisha kamera, mkanda unahamia ubavuni. Mkanda unaokaa upande uleule kila picha, na unaoonekana flashi ikitumika tu, si dalili ya ugonjwa wa shata. Shata mbovu kweli haingoji flashi. Kabla ya kumpelekea fundi hela yoyote, toka nje mchana, zima flashi, piga picha tatu za ukuta mweupe kwa 1/1000 na tatu kwa 1/4000. Zikitoka safi, rudi nyumbani na hela zako.

Kasi ya juu kabisa ambayo bado kihisi chote kinakuwa wazi kwa pamoja ndiyo kasi ya kuoanisha, ile ambayo wapiga picha tunaiita sinki spidi. Kila kamera ina yake. Canon 6D ni 1/180. Canon 5D Mark III ni 1/200, na Nikon D3200, ambayo wengi wameanzia nayo kazi, ni 1/200 vilevile. Nikon D850 na Sony A7 III ni 1/250. Tofauti inatokana na ukubwa wa kihisi na wepesi wa mapazia. Enzi za filamu hali ilikuwa ngumu zaidi: Zenit-E, yenye mapazia ya kitambaa, ilikomea 1/30.

Kwa nini basi kamera haikumzuia yule kijana? Hili ni swali la haki, na jibu lake linafafanua malalamiko mawili yanayoonekana kupingana. Wengine wanasema, "Nikipachika flashi, kamera inakataa kupita 1/200, imeharibika?" Wengine wanasema, "Yangu inanikubalia hadi 1/4000 lakini picha zinakuja nyeusi." Wa kwanza wametumia flashi inayozungumza lugha moja na kamera. Ikiwashwa juu ya kamera, kamera inaitambua na kujiwekea mpaka yenyewe, inakulinda. Wa pili wametumia triga rahisi au waya, na hapo kamera haijui kabisa kwamba kuna flashi mahali. Inatuma ishara tu na kuendelea na shughuli zake. Hakuna wa kukuzuia, mlinzi ni wewe.

Kwa hiyo hapana, kupita kasi ya kuoanisha hakuunguzi chochote. Kinachopotea ni picha. Hatari ya kuunguza kamera ipo, lakini iko kwingine: flashi nyingine za zamani, za enzi za filamu, hupeleka voti mia na zaidi kwenye mguso wa kamera, na kamera za dijitali hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Ukirithi flashi ya mzee aliyekuwa na studio, ipime kwanza kwa mita ya fundi umeme kabla hujaichomeka.

Na bei ya flashi haihusiki na mkanda. Flashi ya milioni mbili ikiwaka pazia likiwa katikati, mkanda ni uleule. Kinachoweza kuongeza tatizo ni triga ya redio inayochelewa kidogo. Kama kamera yako ni ya 1/200 na triga inachelewesha ishara, utaona mstari mwembamba hata kwenye 1/200 yenyewe. Shuka hadi 1/160 au 1/125. Taa kubwa za studio nazo huwaka kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo 1/125 ni kasi salama kwao.

Rasharasha na ndoo

Ningependa kila anayeshika flashi alielewe jambo hili kabla ya kugusa menyu yoyote: ukipiga picha kwa flashi, unapiga kwa mwanga wa aina mbili kwa wakati mmoja, na kila mmoja una mtawala wake.

Weka pipa uani, mvua ya rasharasha inanyesha. Kadiri linavyokaa wazi ndivyo maji yanavyoongezeka. Hiyo rasharasha ndiyo mwanga uliokuwepo: taa za ukumbi, mishumaa ya mezani, jua la jioni. Sasa mtu anapita na ndoo, anaimwaga yote pipani kwa mkupuo mmoja. Pipa liwe limekaa wazi dakika moja au kumi, ndoo aliyomwaga ni ileile. Ndoo ndiyo flashi.

Kasi ya shata ni muda ambao pipa linakaa wazi. Inatawala rasharasha, haiigusi ndoo. Ndoo inatawaliwa na nguvu uliyoiwekea flashi, na umbali wake kutoka kwa mtu: ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo. Upana wa tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, huathiri vyote viwili pamoja.

Nenda na hilo ukumbini. Mpambaji amefunga vitambaa, ameweka taa za rangi kwenye jukwaa la maharusi, kamati imelipa fedha nyingi. Mpiga picha anaweka 1/200, ISO 100, flashi kwa nguvu. Maharusi wanatoka weupe, nyuma yao giza kama pango, mapambo yote yamepotea. Flashi haina kosa. Pipa limefungwa haraka mno, rasharasha haikupata nafasi. Shusha kasi kutoka 1/200 hadi 1/25. Ni mara mbili, mara mbili, mara mbili: mwanga wa ukumbi umeongezeka mara nane, na flashi iliyompiga bibi harusi usoni ni ileile. Pandisha ISO hadi 800 au 1600, punguza nguvu ya flashi kuendana nayo, na mapambo yanarudi.

Wengi wanaogopa 1/25 kwa sababu mtu akicheza picha itatetereka. Kumbuka muda wa mwako wa flashi. Kama anayeangaza uso wa bibi harusi ni flashi, basi kwa hesabu halisi uso wake umepigwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na utatoka umekaza. Kinachoweza kuvutikavutika ni taa za nyuma, na hizo zikivutika huongeza uhai. Tatizo huja pale mpiga video anapowamulika maharusi kwa taa yake ya mbele. Hapo rasharasha imekuwa mvua kubwa, na uso unapigwa mara mbili: mara moja na flashi ukiwa umekaza, mara ya pili na taa ya video ukiwa unasogea. Unapata kivuli cha mtu juu ya mtu, jino likiwa na pacha wake. Dawa ni kupandisha kasi hadi 1/100 hivi, au kuongea na mpiga video kabla shughuli haijaanza. Mimi huanza na kuongea.

Ukishaelewa rasharasha na ndoo, neno "SLOW" kwenye menyu halina tena uchawi. Kamera ikiwa inajichagulia kasi yenyewe, kwa mfano Nikon kwenye modi ya P, hukataa kushuka chini ya 1/60 flashi ikiwashwa, ikihofia mkono wako utatikisika. Ukichagua "SLOW" unaipa ruhusa ya kushuka zaidi ili rasharasha iingie. Canon kwenye modi ya Av, ile ambayo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi, hufanya hivyo bila kuambiwa, ndiyo maana wengine hushangaa kuona kasi imeshuka hadi nusu sekunde ndani ya ukumbi. Kamera nyingi za Canon zina sehemu kwenye menyu ya kuizuia isishuke chini ya 1/60. Ukipiga kwa modi ya M, hayo yote hayakuhusu: kasi unaiamua mwenyewe.

Flashi iwake mwanzoni au mwishoni?

Kama shata inakaa wazi muda mrefu, flashi ina nafasi ya kuchagua. Inaweza kuwaka mara tu pazia la kwanza linapomaliza kushuka, au inaweza kungoja mpaka pazia la pili linakaribia kuanza. Ya kwanza ndiyo kamera hujiwekea. Ya pili ndiyo ile "REAR" kwenye Nikon na Sony, na kwenye Canon huitwa pazia la pili.

Twende Forodhani, Unguja, saa ya magharibi. Vijana wa makachu wanajirusha baharini kutoka ukutani, jua linazama, mwanga umebaki kidogo. Umeweka kasi ya 1/8, flashi iko tayari. Kijana anaruka.

Flashi ikiwaka mwanzoni, inamkamata akiwa juu, mwili umekaza, mikono imepanuliwa. Lakini shata bado iko wazi, naye anaendelea kushuka. Mwanga wa jioni unaandika mstari hafifu wa mwili wake kwenda chini, mbele ya pale alipokamatwa. Kwenye picha unaona kijana mkavu juu, na ukungu wake chini. Jicho linasoma kinyume: kama vile bahari imemtema, anarudi ukutani.

Flashi ikingoja mwishoni, ukungu unaandikwa kwanza, kuanzia juu, kisha flashi inamkamata pale chini alipofikia. Sasa ukungu uko nyuma yake kama mkia, na jicho linasoma sawasawa: ametoka kule, anakuja huku. Bodaboda yenye taa nyekundu ya nyuma ni hivyohivyo, na bibi harusi anayezungushwa na gauni lake pia. Kila kitu kinachosogea kuelekea upande mmoja, na mwanga mwingine upo wa kuchora njia yake, kinafaidika na pazia la pili.

Ila lisikuchanganye. Kwa 1/200, kati ya mwanzo na mwisho wa shata hakuna nafasi ya maana, hivyo ukibadilisha kutoka pazia la kwanza hadi la pili hutaona tofauti yoyote. Niliona mtu akibishana kwamba picha zake za studio "zimekuwa laini" tangu aanze kutumia pazia la pili. Kwa kasi ile ya studio, haiwezekani.

Na kuna mtego mmoja. Flashi ikiwa kwenye hesabu ya kujipimia yenyewe, huwaka kidogo kwanza ili kamera ipime mwanga, ndipo iwake kweli. Kwa kawaida miwako hiyo miwili imekaribiana kiasi kwamba macho yanaona mmoja. Ukiwa kwenye pazia la pili na kasi ya sekunde moja, zinatengana: wa kupima mwanzoni, wa kweli mwishoni. Familia nzima imepangwa, shangazi na wajomba wote, wanaona mwako wa kwanza wanadhani imekwisha, wanaanza kutawanyika, ndipo wa pili unawakuta migongo. Waambie kabla: tulieni mpaka flashi ya pili.

Kuvuka mpaka kwa mashine ya fotokopi

Kuna wakati unahitaji kwa dhati kupita kasi ya kuoanisha. Saa sita mchana, ufukweni, jua la utosi. ISO 100, kasi 1/200, jua hilo linadai tundu la lenzi liwe f/11. Lakini wewe unataka f/2.8, tundu pana zaidi, ili nyuma ya maharusi pawe laini. Kutoka f/11 hadi f/2.8 ni hatua nne, kila hatua mwanga unazidi mara mbili, kwa hiyo kasi lazima ipande hadi 1/3200. Na macho ya maharusi yamejaa kivuli cha nyusi, yanahitaji flashi. Upenyo wa 1/3200 ni mwembamba kupindukia. Radi moja haifai.

Ingia stationari yoyote uangalie mashine ya fotokopi ikifanya kazi. Taa yake nyembamba inasafiri chini ya kioo kutoka mwanzo wa karatasi mpaka mwisho, ikiwaka njia nzima. Ingewaka mara moja tu na kuzimika, ungepata mstari mmoja wa maandishi. Wahandisi wa flashi walifanya hivyohivyo. Badala ya kupiga radi moja, flashi inapiga miwako midogo mingi mno, mfululizo, kwa muda wote upenyo unaposafiri. Kila mahali upenyo unapofika unaikuta flashi inawaka, kana kwamba ni jua dogo. Olympus waliitoa kwa umma mwaka 1986 na flashi yao F280. Leo kwenye Canon utaiona kwa alama ya umeme yenye herufi H, kwenye Nikon imeandikwa Auto FP, na kwingi inafupishwa HSS (High Speed Sync, kuoanisha kwa kasi ya juu).

Sharti flashi iwe na uwezo huo, na kama unatumia triga, triga nayo iwe nao. Na gharama yake ni kubwa. Nguvu iliyokuwa imekusanywa kwenye mwako mmoja sasa imetawanywa, na sehemu kubwa yake inaishia kwenye mapazia. Flashi iliyokuwa ikimfikia mtu mita sita sasa inamfikia kwa shida mita mbili au tatu. Betri zinaisha haraka, flashi inapata moto. Isogeze karibu na mtu mpaka inakaribia kuingia kwenye fremu, ndipo utaona kazi yake. Njia nyingine ni kubaki kwenye 1/200 na kufunga kioo cheusi mbele ya lenzi, kile cha kupunguza mwanga hatua nne. Kinafanya kazi vizuri, ila kinakutia giza wewe pia unapotafuta fokasi kwenye kamera za kioo, yaani DSLR.

Wengi wanaamini HSS ndiyo dawa ya kugandisha mwendo. Gizani, ni kinyume. Flashi ya kawaida iliyopunguzwa nguvu huwaka kwa 1/20,000 ya sekunde, ikagandisha hata tone la maji. HSS imeacha uwezo huo, kinachogandisha ni shata peke yake. Iwe silaha yako ya mchana.

Alama ya jicho iliyo jirani na hizi zote, ile ya kupunguza macho mekundu, haihusu kuoanisha. Inawasha mwanga kabla ya picha ili mboni za macho zisinyae, basi, na inachelewesha picha kiasi cha kukukosesha tabasamu. Flashi ya simu nayo kwa sehemu kubwa si flashi, ni tochi inayowashwa muda wote wa picha, kwa hiyo mkanda hautaupata humo. Kamera kama Fujifilm X100 zina shata ndani ya lenzi inayofunguka kutoka katikati kama ua, na hizo zinaoana na flashi kwa kasi za juu sana bila mkanda. Kamera ikiwa kwenye shata ya kimya, ile ya umeme, nyingi huikatalia flashi kabisa, kwa sababu kihisi kinasomwa mstari kwa mstari, polepole kuliko pazia. Sony walipotangaza A9 III mwishoni mwa 2023, yenye kihisi kinachosomwa chote kwa pamoja, suala la mapazia likaondoka: inaoana na flashi hadi 1/80,000. Bei yake bado iko mbali na wengi wetu, na kamera zilizopo mikononi mwetu zitafanya kazi miaka mingi ijayo.

Basi ipime yako. Usiku, zima taa, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe. Weka ISO 100, f/8, flashi kwa nguvu ndogo ikimulika ukuta kupitia triga unayoitumia kazini, wala si ya kuazima. Anza na 1/125, piga. Panda hatua moja, 1/160, piga. Halafu 1/200, 1/250, 1/320. Kila picha ikuze kwenye skrini, angalia ukingo wa chini. Itafika mahali utaona giza jembamba limeanza kupanda kutoka chini, kama maji kwenye ukuta wa banio. Rudi hatua moja nyuma. Hiyo ndiyo kasi yako, ya kamera yako na triga yako, hata kama kitabu kimeandika nyingine.

Kitabu changu kinasema 1/200. Triga yangu inaanza kuonyesha mstari hapohapo. Nimebandika kipande cha plasta chini ya kamera, nikaandika kwa kalamu ya wino: 160.